Ati "mtie nazi"! Huyu muuza samaki amenivunjia heshima ndani ya nyumba yangu

Jamani nimetoka kutukanwa sasa hivi, kikombe alichonywea chai hata hakijaoshwa. Nyote mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule yule wa samaki wa mapambo anayeapa kila akifungua mdomo. Miaka mitatu iliyopita aliniuzia kitatange mchanga wa kidole gumba, mweusi wa kibuluu ana miviringo myeupe kama kachorwa kwa chokaa, nikamuuliza mara mbili huyu anakua mpaka wapi, akasema wallahi akizidi sana ni kiganja cha mtoto. Kiganja! Leo Sultani ana sentimita 25, miviringo imeondoka yote kapiga mistari ya manjano na buluu na utepe mweusi machoni kama jambazi, na aina hii hufika 40. Tangi langu ni lita 200. Akitaka kugeuka inabidi apige rivasi kama lori lililoingia uchochoro wa Mji wa Kale, mkia umechanika kwa mawe.

Nikamwita, siombi pesa, naomba tu amtafutie mtu mwenye tangi la lita 800 kwenda juu. Kaja, kanywa chai, kala mahamri matano, kagonga kioo kwa pete (kioo hakigongwi, hata mtoto anajua!), kisha mbele ya mama mkwe na binti yangu wa miaka saba akasema, "Huyu keshakuwa kitoweo. Mtie nazi."

MTIE NAZI. Samaki ninayemmenyea uduvi kwa mkono wangu, ninayembandikia mwani kwenye kioo kila asubuhi, nikiingia sebuleni yeye ndiye anatoka pangoni kunipokea kabla ya watu wa nyumbani! Mtie nazi! Binti yangu kaificha mbuzi ya kukunia uvunguni, hataki kuitoa. Na yule bwana anavaa viatu mlangoni bado anageuka, "na ndimu usisahau."

Pweza Mkavu: Huyo huyo! Mimi kaniuzia chewa mweupe wa madoa meusi, ati anaishi vizuri na wenzake. Siku ya nne wenzake wote wako tumboni. Nampigia ananiambia si ndiyo wako pamoja.

Mzee wa Dau: Yakhe kosa ni lako. Kitatange kwa lita 200 ni kumfuga punda bafuni. Hukusoma kabla ya kununua?

Mwenye uzi: Nilimuuliza yeye kwa sababu yeye ndiye fundi! Na hata kama nimekosa, mbele ya mkwe? Mtie nazi?

Chuchunge: Mrudishe tu baharini, si ndiko kwao.

Mama Kasa: Usithubutu! Kakaa miaka mitatu kwenye tangi lililopitisha samaki wa kila mahali, akibeba maradhi atawamaliza wenzake kule. Tafuta tangi kubwa. Ila piga hesabu, lita 800 za maji ya chumvi zinapita kilo 800, bado kioo, bado mawe. Unakaa ghorofa ya ngapi?

Mwenye uzi: Ya tatu.

Mama Kasa: Basi mwenye nyumba atakutia nazi wewe.

Kikande: Wenye nyumba msinitajie. Wangu kafunga maji tangu Ijumaa, kodi anakuja kuidai na mswaki mdomoni.

Pweza Mkavu: Afadhali maji. Sisi juzi umeme umekatika saa sita usiku, pampu kimya, nimekesha nachota maji ya tangi kwa upawa namwagia humo humo samaki wapate hewa. Mke wangu kaamka akadhani nimepagawa, kamwita babake.

Mzee wa Dau: Nunua pampu ya betri bwana, mkwe aletwe usiku wote huo kwa sababu ya upawa?

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mtu kala kwangu halafu AMENIAMBIA NIMTIE NAZI SULTANI.

Chuchunge: Mada tumeielewa. Hayo mahamri matano umenunua kwa nani? Wangu siku hizi hiliki anaitia kama anapima dawa, na bei kapandisha.

Kikande: Na mbaazi zake zimekuwa maji matupu. Mimi nimehama.

Chuchunge: Umehamia wapi?