Naomba ushauri: binti yangu wa kidato cha nne amekosa raha kabisa

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina binti wa miaka 16, anasoma shule ya kutwa hapa Dar. Tangu likizo ya Juni amebadilika. Usiku halali, asubuhi akivaa sare tu tumbo linamkata na moyo unamwenda mbio. Jumamosi hali hiyo hupungua. Tumepima malaria, taifodi na vidonda vya tumbo, hakuna kilichoonekana. Netiboli aliyokuwa akiipenda ameiacha, marafiki wakimpigia hapokei.

Juzi akaniambia, "Mama, nimechoka, bora nisingekuwepo." Nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Alisema hapana, akalia sana. Dawa zote za nyumbani nimezifungia, na usiku nalala naye.

Mtihani wa taifa ni Novemba. Baba yake anasema ni woga tu, utapita. Bibi anataka apelekwe kwenye maombi. Maombi tunafanya, lakini naamini mtoto huyu anaumwa na anahitaji mtaalamu.

Aliyewahi kumpeleka kijana kitengo cha afya ya akili Muhimbili, utaratibu ukoje? Nianze na rufaa ya hospitali ya wilaya? Kuna aliyepiga 116, simu ya mtoto, akasaidiwa? Na walimu niwaeleze kiasi gani bila habari kusambaa darasani? Zaidi ya yote, nizungumzeje na baba yake akubali twende naye wiki hii?