Programu ya viwanja inayogoma kufunguka mpaka uwashe lokesheni: ni sawa?

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Natafuta kiwanja upande wa Kigamboni. Juzi nimepakua programu moja ya ramani ya viwanja na nyumba. Kabla sijaona hata kiwanja kimoja, ikataka niiruhusu kujua nilipo muda wote. Nikakataa, ikajifunga. Nimekaa sebuleni kwangu Tabata, nataka kuangalia bei za Kibada na Mwasonga. Kujua kwamba niko Tabata kunaisaidia nini?

Sipingi lokesheni yenyewe. Siku ya kwenda saiti ni msaada mkubwa: ile nukta ya bluu ya ulipo kwenye ramani inakuonyesha kama dalali anakupeleka kwenye kiwanja kilichotangazwa au kingine kabisa. Ninachopinga ni hiyo "muda wote". Simu yangu inajua ninapolala, shule ya mwanangu na msikiti ninaoswali. Muuza viwanja hayo yanamhusu nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka, na zisizidi lengo hilo. Naomba maoni yenu, hasa mnaoona nimekosea.

Dalali wa Mbagala: Mkuu, mimi nakupinga. Matapeli wanaturudisha nyuma sana. Mtu anaokota picha za kiwanja cha watu mtandaoni, anatangaza, anakula hela ya kuonyeshwa, kisha anazima simu. Programu ikimlazimisha anayetangaza asimame palepale kiwanjani na lokesheni imewaka, nusu ya uongo huo unakufa. Lokesheni inatulinda sisi na nyinyi wateja.

Mleta mada: Hapo umenigusa, nakubali. Ila huyo ni anayetangaza, na ni mara moja tu, siku anaweka tangazo. Mimi ninayeangalia tu nimetangaza nini?

Mpima ardhi: Naongezea kitu ambacho wanunuzi wengi hawakijui. Simu ya kawaida, pakiwa wazi juu, inaweza kukosea kama mita 5. Chini ya mwembe au katikati ya kuta, zaidi ya hapo. Kiwanja chako ni 20 kwa 20. Mita 5 ni robo ya upana wake! Halafu ramani nyingi za zamani za upimaji hapa kwetu ziko kwenye mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, wakati simu inatumia mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za ramani hiyo ukaziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, unaangukia karibu mita 300 kutoka kiwanja chako.

Niliwahi kuitwa Chanika na baba mmoja aliyechimba msingi kwa kufuata simu. Tulipofukua bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji, kozi tatu za tofali zilikuwa zimeshapanda ndani ya eneo la jirani. Alibomoa mwenyewe, tofali moja moja, mke wake amekaa kwenye ndoo anamwangalia. Ndugu zangu, nukta ya bluu ikufikishe mtaani. Mpaka wa kiwanja uonyeshwe na bikoni na ramani iliyosajiliwa, na kabla hujalipa fanya upekuzi ofisi ya ardhi, ujue mmiliki ni nani.

Mama wa Kimara: Mnawasemea wanunuzi tu. Mimi nilitangaza vyumba viwili vya kupangisha, pini, ile alama ya mahali kwenye ramani, ikakaa juu ya mlango wangu. Naishi na wanangu wawili, baba yao yuko safarini. Saa tatu usiku wanaume nisiowajua wanagonga geti, wanasema wameelekezwa na ramani. Nikatoa tangazo siku ileile. Pini ionyeshe mtaa. Nyumba nitamwelekeza mteja mimi mwenyewe, baada ya kuongea naye kwenye simu.

Dalali wa Mbagala: Pole sana mama. Hilo la usiku sikuwahi kulifikiria. Hata mimi matangazo yangu nitayasogezea pini barabarani.

Mleta mada: Pole dada, na asante mpima. Kwa wenye Android 12 kwenda juu: programu ikiomba lokesheni, unaweza kuchagua ya kukadiria badala ya kamili, na iwe wakati unaitumia tu. Nimejaribu hivyo kwenye hii yangu, bado ikagoma. Nimeifuta. Jumamosi naenda Mwasonga na mpima. Mwenye programu ya viwanja inayofunguka bila lokesheni aitaje hapa, wengi tunaihitaji.