Likizo ya Juni na mtoto: Bagamoyo, Mbudya au treni ya SGR mpaka Morogoro?

Mama wa Tabata:
Habari za jioni wakuu. Shule zimefungwa na nilimwahidi mwanangu tutatoka siku moja, kwenda asubuhi kurudi jioni. Nafasi ninayo Jumamosi hii tu. Nimekwama kati ya Bagamoyo, kisiwa cha Mbudya na SGR ya Morogoro. Baba yake yuko safarini, naombeni ushauri wenu.

Nanga:
Mbudya, usiumize kichwa. Unafika Kunduchi, unapanda boti, mnaogelea, mnakula samaki wa kukaanga. Mtoto hatasahau.

Mwalimu Mstaafu:
Dada, mtoto ana miaka mingapi? Usafiri mnao au ni daladala? Mfukoni kuna kiasi gani? Bila hayo tunapiga ramli.

Mama wa Tabata:
Samahani Mwalimu. Ana miaka sita, darasa la kwanza. Gari hatuna. Nimetenga laki moja, chakula humo humo.

Wa Kihonda:
Basi SGR. Niliyolipa mimi Dar–Moro daraja la kawaida ni 13,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu. Kwenda na kurudi kwa wote wawili ni 39,000. Chini ya saa mbili umefika.

Mama Pacha:
Nanga, usimpeleke mtu Mbudya mwezi huu bila kumwambia habari za upepo wa kusi. Mwaka juzi nilikwenda na mapacha wangu, mwezi wa saba. Asubuhi bahari imetulia kama maji ya beseni. Tukapatana na mwenye boti atufuate saa tisa. Saa tisa hayupo. Saa kumi hayupo, simu haipatikani, na upepo umeshapanda. Kisiwani hakuna maji ya kunywa ila uliyobeba au ununue, na yetu yalikwisha mchana. Amekuja saa kumi na moja na nusu, boti imejaa watu, maboya ni ya wakubwa tu. Mdogo nilipomvalisha likampanda mpaka masikioni, ikabidi nimkumbatie njia nzima. Wimbi likatupiga ubavuni tukalowa wote, mtoto ananing'ang'ania shingoni analia "mama turudi", na pa kurudi hapakuwepo. Mpaka leo hata ufukwe wa Coco hawataki kukanyaga maji.

Nanga:
Pole sana mama. Lakini hilo ni kosa la mwenye boti, si la kisiwa. Mimi ni mzaliwa wa Kunduchi. Nenda saa mbili asubuhi, saa saba uwe umesharudi, kusi huzidi mchana. Lipa nusu, nusu nyingine mkishukia Kunduchi. Na boya la mtoto ulione kwa macho kabla hujatoa hata shilingi.

Mama Pacha:
Mgeni atajuaje yote hayo? Mimi simshauri mtu.

Mwalimu Mstaafu:
Mimi nasema Bagamoyo. Ni kama kilomita 70, magari yako stendi ya Makumbusho. Pale Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara. Halafu misheni ya mwaka 1868, ambako Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, waliufikisha mwili wake mwaka 1874 baada ya kuubeba miezi mingi. Nimepeleka wanafunzi kule miaka mingi. Wa darasa la kwanza hajali tarehe, ila mpe nafasi aguse zile kuta za matumbawe, mkirudi atakuuliza maswali mpaka Bunju.

Mama wa Tabata:
Mwalimu umenivutia kweli. Nilisahau jambo moja: kwenye daladala lenye joto huwa anatapika.

Wa Kihonda:
Dada, hilo ndilo la kuanza nalo! Treni haina kona za ghafla wala breki za kushtukiza. Mkishuka stesheni ya Kihonda chukueni bajaji mpaka Rock Garden, chini ya Uluguru, maji yanapita kwenye mawe. Mtoto anacheza, wewe unapumzika.

Twiga Mweupe:
Mkifika Moro, kwa nini msiunganishe na Mikumi? Barabara kuu inakatiza hifadhini kama kilomita 50, twiga unawaona ukiwa ndani ya basi.

Wa Kihonda:
Kwa mtoto anayetapika? Kutoka Moro ni zaidi ya saa moja kwenda tu, na bado arudi kuwahi treni. Mikumi inataka mlale.

Twiga Mweupe:
Anuse ndimu, akae siti ya mbele. Wangu alipona hivyo.

Mama Pacha:
Ndimu kwetu haikusaidia. Tangawizi ya kutafuna ndiyo dawa, na asile maandazi ya mafuta asubuhi.

Mwalimu Mstaafu:
Tangawizi kwa mtoto wa miaka sita itamwasha mdomo. Kipande cha muwa kinatosha.

Mama wa Tabata:
Jamani asanteni. Nimeingia mtandaoni sasa hivi, treni ya asubuhi Jumamosi imejaa, imebaki ya jioni. Jumapili tuna ibada.

Mwalimu Mstaafu:
Bagamoyo, gari la saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Na muwa.

Nanga:
Kunduchi ni karibu zaidi kuliko Bagamoyo.

Mama Pacha:
Nanga!

Kijana wa Mbagala:
Nimefika nimechelewa. Mama wa Tabata, mlienda wapi? Nina wa miaka minne, na gari ninalo.