Tupeane uzoefu: sola iliyounganishwa na stima, sisi tukaao karibu na bahari

Ndugu zangu wa Mombasa, Kilifi na Kwale mliofunga sola ya kuungana na gridi, tuelezane ukweli. Wauzaji hutuonyesha hesabu ya akiba. Chumvi hawaitaji.

Naanza mimi, Bamburi. Nina paneli nane za wati 550 juu ya mabati. Siku ya jua kali hupata uniti 18 hivi. Wiki ya kwanza tokeni ziliisha mbio kuliko zamani, nikachanganyikiwa. Kumbe mita yangu ya tokeni haibagui mwelekeo: umeme ukitoka kwangu kwenda kwenye nguzo, inahesabu kana kwamba nimeutumia. Saa sita mchana watoto wako shule, mimi kazini, na tokeni zinakatwa kwa umeme wa paa langu mwenyewe! Fundi wa pili ndiye aliyefunga kihisi kwenye waya mkuu, kikawa kinaiambia inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ipunguze, isitoe nje. Siku hizi kufua, kupiga pasi na kuvuta maji ni mchana.

Mtwapa: Pole sana. Kwangu ni kutu. Bahari naiona kutoka dirishani. Fundi alitumia bolti za kawaida zilizopakwa zinki, na mwaka wa pili zilikuwa zinachuruza wekundu kwenye mabati. Kila kusi ikivuma usiku nilikuwa nikilala nikisikiliza paa. Tulishusha zote, tukaweka bolti za stenlesi daraja la 316, na mpira kati ya reli za alumini na mabati, maana metali mbili zikigusana kwenye unyevu wa chumvi moja huliwa. Wakati wa kushusha tulikuta kiunganishi kimoja cha waya kimeingia chumvi na kuungua. Hicho ndicho kilichonitisha. Sasa navikagua vyote kila baada ya kusi.

Diani: Mimi sikuambiwa kwamba stima ikipotea na sola inazima, jua likiwa utosini. Nilidhani inverta mbovu. Baadaye nikaelewa: lazima izime, isije ikamuua fundi aliye juu ya nguzo akidhani waya umekufa. Ni haki. Lakini mama yangu ana kisukari na insulini yake iko kwenye friji. Ikabidi nibadilishe, nichukue inverta inayopokea betri, na betri ndogo ya friji, feni na taa. Kama nyumbani kuna mgonjwa, anzeni hapo.

Bamburi: Dada, asante kwa hili. Mama apate afueni.

Likoni: Na kuuza umeme unaobaki je?

Mtwapa: Sheria ya Nishati ya 2019 iliruhusu, kanuni zikaja 2024. Kwa mita inayobagua mwelekeo, si kama ile ya Bamburi, ukipeleka uniti kumi unaandikiwa tano za kupunguza bili, si pesa mkononi. Kwa hiyo uniti unayoitumia mwenyewe mchana ina faida mara mbili ya ile unayoitoa.

Kikambala: Kisa changu ni mnazi. Kuanzia saa tisa alasiri kivuli chake huangukia paneli moja, na kwa kuwa zimefungwa kwa mfululizo, hiyo moja huzivuta zote chini. Babu aliupanda mwenyewe, hataki ukatwe, na mimi sitaki. Tulihamisha paneli mbili upande wa pili. Jingine: msizioshe kwa maji ya kisima chetu, yakikauka huacha ukungu mweupe wa chumvi. Mimi nakinga ya mvua, naosha alfajiri kabla kioo hakijapata moto. Kunguru nao wana kazi yao huko juu.

Nyali: Natarajia kufunga mwezi ujao. Fundi nimjueje?

Diani: Mwombe leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, daraja T3, ndiyo ya mifumo ya gridi. Kisha mpandishe paani asubuhi, umwite tena alasiri. Wa kwangu alikuja mara moja tu, saa sita, wakati hakuna kivuli popote.