Wakala unayepeleka watu Saudia kutoka Dodoma, medikali tulipe wenyewe na ikama (kibali cha kuishi kule) tukatwe tena??

Wadau salamu naitoa kwa shida maana nimevurugwa. Mimi ni kijana wa Nkuhungu, kwa sasa nipo Dammam napiga udereva, na uzi huu ni kwa ajili ya madogo wa hapo Dom, Kondoa, Singida mnaopigiwa simu saa hizi mnaambiwa leteni paspoti na hela kidogo, mengine tayari.

Iko hivi. Medikali ya kwenda Gulf hupimi hospitali yoyote unayojisikia, lazima kituo kilichosajiliwa Wafid, ule mfumo wa nchi za Gulf wa kupima afya za wanaokwenda kazi, wale wa zamani mnaijua kwa jina la GAMCA, kwa hiyo sisi tukapanda SGR mpaka Dar. Damu, mkojo, eksirei ya kifua, wanatafuta TB, ukimwi, homa ya ini, kaswende. Nauli yako, gesti yako, msosi wako, kipimo umelipa mwenyewe. Sawa, tukameza. Cheti kikatoka uko fiti, wakala anatuambia "hapo mmemaliza, kule ni kazi tu".

Tumemaliza nini? Ukitua huku unapimwa upya mwanzo mwisho, maana bila medikali ya huku na bima ya afya hakuna ikama, na hilo wakala analijua vizuri sana, hajaanza jana hii biashara. Nimesimama foleni na Wabangladeshi na Waganda nimeshika kikaratasi chenye namba ya mpakani, ndo kitambulisho pekee ulichonacho kabla ya ikama. Kuja kupokea mshahara nakuta wamekata medikali, wamekata ada ya ikama, halafu na faini ya kuchelewa juu! Nani kachelewesha sasa? Paspoti yangu iko kwenye droo ya kafili, yaani mwajiri anayenidhamini, anayetakiwa kuomba ikama ni yeye, na mimi bila ikama hata Absher, ule mfumo wa serikali yao wa mtandaoni, siingii.

Na sheria yao wenyewe ipo. Kifungu cha 40 cha sheria ya kazi ya Saudia kinasema ada ya ikama na kibali cha kazi anabeba mwajiri, kuhuisha ni juu yake, faini za kuchelewesha ni juu yake, mpaka tiketi ya kurudi mkataba ukiisha. Paspoti ya mfanyakazi nayo haruhusiwi kuishikilia. Nikamwonyesha karani wa ofisini kwenye simu, akacheka, eti muulize aliyekuleta. Aliyetuleta nikimtumia voisi WhatsApp anasikiliza, tiki za bluu zile pale, anajibu "vumilia mdogo wangu". Mdogo wako tangu lini!

Ila kilichonichefua kabisa ni jamaa yangu wa Hombolo. Zamani aliumwa TB, akamaliza dozi, akapona, kovu likabaki kwenye pafu. Kwa vipimo vya Gulf hilo kovu tu linatosha kukukatalia, hata kama huambukizi mtu. Alimwambia wakala mapema, mimi nimekaa pale pale nasikia, wakala akajibu "hiyo tutaiweka sawa". Ikawekwa sawa kweli, Dar akatoka fiti! Kufika huku picha ikatokea kwenye kompyuta, daktari akagusa kioo kwa kalamu pale juu karibu na bega, akamuuliza swali moja tu kupitia mkalimani, uliwahi kukohoa muda mrefu? Basi, imeisha hiyo. Karudishwa, na alishauza kipande cha shamba lake la zabibu ili aje. Hivi mtu unalalaje usingizi?

Sasa wakala najua humu unapita, hela ya huyo jamaa irudi, hatutaki stori za vumilia. Na wadau mliowahi kumshitaki kafili ofisi ya kazi ya huku kwa makato ya ikama, mlirudishiwa? Mlianzia wapi, na paspoti mliipataje?