Babu yangu kawaunga mifupa kijiji kizima, leo wanamwita mchawi. Nimhamishe?

Mjukuu_wa_Fundi:
Assalaam aleikum jamani. Nnaomba mnisome mpaka mwisho, ni ndefu lakini nna wiki mbili sijapata usingizi wa maana.

Babu yangu ni fundi wa mifupa, kwetu Pemba upande wa Wete, kijiji sikitaji. Wapemba mnajua msimu wa karafuu unavyokuwa, tawi la mkarafuu linakatika tu halikupi hata nafasi ya kupiga kelele, na zamani mtu akianguka analetwa kwa babu juu ya kitanda cha kamba hata saa nane ya usiku. Babu anampapasa taratibu huku anamsemesha mambo mengine kabisa, mama yako hajambo, mwaka huu mumechuma pishi ngapi, yule anajibu hajui hili wala lile mara mfupa ushakaa pahala pake. Tena vibanzi vya mwanzi, kitambaa, kamba ya usumba, mafuta ya nazi. Ujira hajawahi kutaja. Una kibaba cha mchele anapokea, huna anakwambia niombee dua. Msimu mmoja mimi niko skuli ya msingi tulikuwa na wagonjwa watatu wamelala ukumbini, bibi (Mungu amrehemu) ndo anawapikia, na karafuu zetu wenyewe zikachanua juu ya mti hazina wa kuzichuma, na karafuu ikishachanua si mali tena hiyo.

Vibanzi akivitoa hatupi. Anaviosha, anavifunga tita, anavipanga darini na kila tita anajua la nani.

Sasa mwaka huu wamekufa watoto wawili kijijini kwa homa, karibu karibu. Jirani mmoja akaota ndoto, mwengine akasema kamuona babu usiku njia ya makaburini, na kweli alipita, alikuwa anamtafuta mbuzi wake kakata kamba. Barzani likakua. Ikaandikwa karatasi ipelekwe kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, kuwa mzee ahame. Nimeiona kwa macho yangu, majina thalathini na kitu, na humo kumi na moja walilala ukumbini kwetu. Mmoja kasaini kwa mkono uleule aliouunga babu.

Usiku wa Ijumaa wakaja vijana wakavitoa vile vibanzi wakasema ndo vifaa vyake vya uchawi, wakavitia moto uwani. Babu kasimama mlangoni. Hakugomba. Ila kila tita likitiwa motoni alikuwa anataja jina la mwenyewe, kwa sauti ya chini, moja baada ya moja mpaka likamalizika la mwisho.

Suali langu, nimlete Unguja nnakokaa, chumba na ukumbi Mwanakwerekwe, au nimuache? Mwenyewe anakataa, anasema akiondoka ndo kakubali.

BintiMtambile:
Pole sana ndugu yangu, nimesoma machozi yananitoka. Pale alipotaja majina pale. Mamangu aliungwa goti na mzee kama huyo na mpaka leo anapanda kilima na ndoo kichwani. Usimlazimishe jamani, mzee wa miaka hiyo ukimng'oa kwenye mashamba yake ukamtia chumba cha mjini unamuua kwa njia nyengine.

Mzee_wa_Barza:
Mwanangu, mimi ntasema tofauti na huyo bint. Mwaka 1995 wakati wa popobawa, lile jini lililosemwa linawavamia watu usiku, nlikuwa mtu mzima. Ilianzia huko huko Pemba ikavuka mpaka Unguja, watu wakilala nje makundi makundi moto unawaka, na mjini akauliwa mtu mgonjwa wa akili watu wanamdhania ndo popobawa. Wauaji hawakuwa majambazi, walikuwa watu kama mimi na wewe wenye khofu na usiku mrefu. Waliochoma vibanzi leo wanaweza kuchoma nyumba kesho. Heshima yake itarudi pole pole, roho hairudi. Japo mwezi mmoja mtoe pale.

Daktari_Mtarajiwa:
Mimi nipo kwenye afya. Nnachojiuliza, hao watoto walipimwa? Malaria Zanzibar imeshuka sana lakini haijesha, na homa ya mtoto si malaria peke yake. Wazee wao kuna aliyekaa nao akawaeleza mtoto kafa na nini? Mara nyingi hapana, mtu anapewa maiti yake anakwenda kuzika, na ile nafasi iliyobaki tupu ndo anatiwa mtu kama babu yako. Kama walifika kituo cha afya basi muombe mhudumu ende akaongee nao. Na hilo la kuchoma ripoti polisi, usipoteze muda kwenda kwa Kadhi, kule ni ndoa na mirathi. Ndoto ya mtu si ushahidi ila moto uwani kwa mtu ni kosa.

Shuwari:
Hapa mtanichukia lakini ntasema. Mimi nishawahi kutia sahihi karatasi kama hiyo, si kwenu, kijiji chengine, bibi mmoja alokuwa mkunga. Kanizalisha mwanangu wa kwanza yule bibi. Karatasi ililetwa nyumbani na watu watano wamesimama wananitizama, na nina watoto, nikaona nisiposaini mimi ndo wa pili. Alihama. Kafa kwa watu na sikwenda kumzika, sikuwa na uso. Nnakwambia hivi ili ujue, usiwaendee barzani. Wende mmoja mmoja, nyumbani kwake, alfajiri baada ya sala. Barzani mtu hana haya, kwake anayo.

Mjukuu_wa_Fundi:
Nawashukuru wote, dada Shuwari Mungu akusamehe, umenisaidia kuliko unavyojua. Nilivuka na boti ya Jumamosi. Polisi nimeripoti, na mdogo wangu kahamia pale, analala ukumbini, mzee wangu wa barza nimekusikia.

Leo alfajiri nimeanza na yule wa mkono. Hakunikaribisha ndani, tulisimama mlangoni. Hakukataa kuwa kasaini. Kasema ana watoto wadogo, basi, akanyamaza, na mimi nikanyamaza, kisha akanyanyua mkono akashika kizingiti cha juu kama mtu anayechoka kusimama.

Niliporudi babu hakuniuliza kasema nini. Kaniuliza, mkono anaunyanyua mpaka wapi? Nikamwambia mpaka juu ya kichwa. Akasema alhamdulillah, mimi nilikhofia utaishia begani.

Kesho nakwenda kwa wa pili.