Mlingoti wa pili nyuma ya bwato: inasaidia kweli ama ni mapambo?

mwana_himbi (Goma)

Jambo bandugu ba ziwa Kivu. Niko na bwato ya mbao metre 7 na nusu, kitako yake iko bapa bapa lakini fundi aliiweka deriva ya katikati, ule ubao wa kushusha mu maji na kupandisha na kamba. Moteri ni ya farasi 15, iko upande wa nyuma kama kawaida. Halafu niko na tanga moja ya metre kare 12 ivi, nilishonesha na bashi (turubai), juu esanse vile inapanda kila siku siwezi kutoka Goma mpaka kisiwa ya Idjwi na kurudi na moteri tu, faida yote inaishia mu tanki.

Shida yangu njo hii. Saa ya upepo mdogo tanga inafanya kazi bila matatizo. Lakini mchana, ule upepo wa kutoka upande wa Bukavu ukiamka, mi najua lazima nishushe tanga mbio mbio. Sasa niko peke yangu na kijana mmoja, nikiachilia usukani ili nikashike kamba ya tanga, bwato inageuka yote inapatia mawimbi ubavu, maji inaingia, magunia ya watu inalowa, na bamama bote banaanza kuomba kwa sauti. Mara ya mwisho ndoo ya sambaza, basamaki badogo, ilimwangika yote kwa kanga ya mama mmoja, mpaka leo akiniona ku kivuko ananuna.

Nikaona mu simu picha ya bwato moja ndogo ya Uingereza, iko na mlingoti mkubwa mbele na kalingoti kengine kadogo nyuma kabisa, tanga yake ni kama kitambaa ya kichwa. Watu ku picha beko banakula mkate, hakuna mutu anashika usukani, na bwato imetulia. Nikajiuliza, ile kitambaa inafanya nini? Nikaanza kusoma, kwa kifaransa nikakuta neno misaine, kwa kingereza mizzen, nikasema ni kitu moja, lakini moja wanaiweka mbele na ingine nyuma, nikachanganyikiwa kabisa. Fundi wangu yeye alicheka tu, akasema "utapanda muti nyuma, moteri itakaa kichwani mwako?"

Kwa hiyo: inafaa ama niachane nayo? Na ikifaa niiweke wapi, na kubwa namna gani?

---

papa_kadutu (Bukavu)

Mwanangu, tuanze na ile majina juu imekwisha kudanganya watu wengi. Misaine ya wafaransa na mizzen ya waingereza ni ndugu wa mama moja, lakini walikwenda kuoa vijiji mbalimbali. Misaine ni ya mbele. Ile ya nyuma wafaransa wanaita artimon. Kwa hiyo kitu unatafuta ni artimoni. Ukienda kutafuta misaine fundi atakupandia muti ku mdomo wa bwato halafu utakuja kulia hapa.

Sasa kazi yake. Usisome kwanza, fanya hivi: peleka bwato kwenye maji ya kiuno, shusha deriva, hakuna upepo. Simama kando, sukuma na kiganja chako pale katikati kwa deriva. Bwato itaenda ubavu, haigeuki. Sukuma karibu na mdomo, mdomo utakimbia. Sukuma karibu na nyuma, nyuma itakimbia na mdomo utakuja upande wako wewe unaesukuma. Basi wewe njo upepo. Tanga yoyote iko nyuma ya deriva inasukuma mkia, na mdomo unakwenda kutazama upepo. Hata kama ni ndogo, iko mbali, na ile umbali njo nguvu yake. Ni sawa na mlango, unausukuma na kidole kimoja kwa ukingo, lakini jaribu kuusukuma karibu na bawaba.

Kwa hiyo siku upepo umekuwa mubaya, unavuta kamba ya artimoni mpaka tanga inakaa katikati, bapa kama karatasi, unafunga usukani katikati, halafu unashusha tanga kubwa polepole. Bwato inaweka mdomo ku upepo yenyewe na kuikala pale, inarudi nyuma kidogo kidogo tu. Mawimbi inakuja mbele, kwenye bwato ilitengenezwa kuyapokea. Unakunja tanga, unawasha moteri, hata chai unakunywa. Wavuvi wa Ulaya kaskazini walitumia hii zamani wakiwa na nyavu mu maji, tanga kubwa chini, ya nyuma juu, bwato inatazama upepo usiku mzima.

Na kwetu iko na maana zaidi juu nanga haitusaidii. Ziwa yetu inashuka kama ukuta, pale katikati ni karibu metre 480, wewe na kamba yako ya metre 30 utaning'iniza nanga kama hereni.

---

polytech_gom (Goma)

Kwa heshima yote Papa, mi naona anatafuta dawa ya kichwa kwa kukata mguu 😅 Shida yake ni tanga haina risi. Ashone mistari miwili ya macho (tundu ndogo za kamba) ndani ya tanga, upepo ukipanda anashusha nusu, anafunga, anaendelea na metre 6 pa nafasi ya 12. Senti kidogo, hakuna muti mpya, hakuna tundu jipya mu bwato.

Tena wengi waliweka huo mlingoti juu ya mambo ingine kabisa. Kule Marekani miaka ya 1950 yoli, bwato za kalingoti kadogo nyuma, zilikuwa fasheni juu kanuni za mashindano zilikuwa hazihesabu sana ile tanga ya nyuma, yaani unapata tanga ya bure. Bwato moja, Finisterre, ilikuwa yoli, ilishinda mbio za Bermuda mara tatu, 1956, 1958 na 1960. Kanuni zilipobadilika watu wakang'oa milingoti. Kama ingekuwa na faida kubwa vile wangeiacha pale pale.

Na ukienda kinyume na upepo, tanga ya nyuma inapata upepo uliokwisha kuchafuliwa na tanga ya mbele. Inavuta kidogo sana. Pia msisahau hapa tuko metre 1460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi karibu 15 kwa mia, kwa hiyo upepo uleule unasukuma tanga kidogo kuliko kule Mombasa. Moteri yako ya farasi 15 pia haiko 15 hapa, njo maana inakohoa.

---

papa_kadutu (Bukavu)

Hapana mbaya kijana, risi ashone, hata leo. Lakini swali yake uliruka. Nani atashika bwato wakati anafunga hizo risi? Yeye amesema akiachilia usukani tu bwato inatoa ubavu. Kufunga risi mu mawimbi na mutu moja ni dakika tano sita, hizo dakika njo mama alimwangikiwa na sambaza. Artimoni inashika bwato, weye unafunga risi. Viwili vinaenda pamoja.

Mambo ya mashindano ya Bermuda sisi hatuna, tuko na mihogo na makaa.

---

galme_la_mzee (Goma, asili Lamu)

Salamu wenyeji. Mimi ni mtu wa pwani, kazi ndiyo imenileta huku mwaka wa nne sasa, na kila nikikaa pale ufukweni naangalia vyombo vyenu natamani kupewa kamba nishike.

Hilo tanga la nyuma kwetu lina jina lake, galme. Mlingoti wa galme. Majahazi yetu ya Lamu ni ya mlingoti mmoja, ila mabaghala na mabumu makubwa yaliyokuwa yakija na kaskazi kutoka Uarabuni yalikuwa na mlingoti mkuu na galme kule tezi, yaani nyuma. Kwa hiyo msione ni kitu cha Mzungu.

Sasa nawaonya jambo moja, maana naona mwaliongea kama dawa isiyo na madhara. Galme humsaidia mtu kuelekea kwenye upepo, na kwa sababu hiyohiyo humkatalia kuondoka kwenye upepo. Mimi yalinipata, si huku, ni kwetu, na mashua ya rafiki yangu aliyoitia kijilingoti nyuma. Tukataka kubisha, yaani kugeuka tushike upepo kwa ubavu wa pili, chombo kikaleta omo, mdomo wake, kwenye upepo kikakwama hapo hapo, uso kwa uso na upepo, kikaanza kurudi nyuma. Napindua usukani huku, napindua kule, wapi. Na nyuma yetu kuna mwamba nausikia unavyopumua. Mzee mmoja mle ndani wala hakuinuka, akaniambia tu, "fungua demani ya galme, wewe." Nikaifungua hiyo kamba ya kuvutia tanga, kile kitanga kikawa kinapepea kama nguo kwenye kamba, omo ikaanguka pembeni, tanga kubwa likashika, tukaondoka.

Kwa hiyo ukitaka kukimbia na upepo au chombo kimekwama, kwanza legeza ya nyuma. Kwanza! Na kamba yake ifungwe mahali mkono unafika ukiwa umekaa, tena fundo la kuvuta mara moja likafunguka.

Na wewe kijana wa polytech, kuhusu kusema wangekuwa wanaitaka wasingeing'oa: yule bwana Robin Knox-Johnston, mtu wa kwanza kuzunguka dunia peke yake kwa matanga bila kusimama bandarini popote, aliingia bandarini Aprili 1969 na chombo cha milingoti miwili, Suhaili, kilichoundwa Bombay kwa msaji. Joshua Slocum naye kabla yake, alianza safari 1895 na mlingoti mmoja, huko njiani akaongeza wa nyuma. Mtu yuko peke yake, tanga dogo dogo ndilo rafiki.

---

polytech_gom (Goma)

Sawa mukubwa, kwa mutu peke yake nakubali 🙌 Lakini hizo zako ni za milingoti miwili zenye pia tanga ya mbele, foko. Hapo unashusha ile ya katikati unabaki na ya mbele na ya nyuma, zinalingana, unaendelea na safari. Yeye hana foko. Akishusha kubwa anabaki na ya nyuma tu, hatatembea, atasimama. Ajue hilo, asifikiri atafika Idjwi na kitambaa ya kichwa.

---

papa_kadutu (Bukavu)

Kweli kabisa, hapo umesema.

---

mwana_himbi (Goma)

Aksanti sana bazee bangu. Jana asubuhi nilienda fanya ile ya kusukuma na kiganja, batoto ba ku beach bakasema nimerogwa, lakini kweli kweli! Ku nyuma nasukuma kidogo tu mdomo unakuja. Nikaita fundi naye asukume. Alisukuma, akanyamaza, akasukuma tena upande ingine.

Sasa anauliza mambo ya moteri. Na mi nauliza tofauti ya kechi na yoli, juu nimesoma yote mbili.

---

papa_kadutu (Bukavu)

Kechi na yoli, tazama usukani. Mlingoti wa nyuma ukiwa mbele ya usukani ni kechi, na mara nyingi tanga yake ni kubwa, inavuta kweli. Ukiwa nyuma ya usukani ni yoli, tanga ndogo ya kulinganisha. Na kama mlingoti wa mbele njo mfupi kuliko wa nyuma, hiyo ni skuna, achana nayo. Wewe unataka yoli.

Moteri: muti hauna lazima kuwa katikati. Upande kidogo, kushoto ama kuume kwa moteri, sentimetre 25 ama 30, bwato haitajua. Ile picha yako ya waingereza, nadhani ni Drascombe Lugger, ile ya metre 5.7 iliyochorwa na Watkinson, wao waliweka moteri ndani ya kisima mbele ya mlingoti, lakini kutoboa kitako ya bwato mzima sikushauri. Pima kwanza: moteri iinue mpaka juu, igeuze kushoto na kuume mpaka mwisho, weka chaki pale kichwa chake kinafika. Muti uwe nje ya chaki.

Kipimo: metre kare moja na nusu, mbili ni mwisho. Muti metre 3, eukaliptusi nyembamba iliyokauka, ile mbichi inapinda halafu ni nzito, na uzito nyuma kabisa unajua mwenyewe, mutu wa Goma, ukipakia chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili, nyuma sana inakuinulia kichwa. Bambu nzuri inaweza pia. Chini weka kipande cha mbao ngumu chenye tundu, juu ipite kwa ubao wa kukalia, haina lazima na kamba za kuishikilia.

Kamba ya tanga sasa, hapa watu wengi wanakosea. Tanga inatoka nje ya bwato, huwezi kuivuta kutoka ndani. Unatoa muti mdogo unaonyooka nyuma, nje, kama mkia, sentimetre 80 ivi, ku mwisho wake kapuli, kamba inapita pale inarudi ndani. Usiweke muti wa chini ya tanga, iache huru, juu ule muti utakupiga kichwa ukivuta kamba ya moteri.

---

galme_la_mzee (Goma, asili Lamu)

Na ule mkia uwe wa kuvutika ndani, maana pale kivukoni vyombo vinavyosukumana utauvunja siku ya kwanza. Au utamchoma mtu.

---

mwana_himbi (Goma)

Ama nitamchoma yule mama wa sambaza, hapo njo atakoma kabisa kupanda 😂

Fundi amekubali, lakini anataka kwanza ajaribu na fimbo ya bambu na gunia mbili za mchele zilizoshonwa, anasema hatoboi kitu chochote mpaka aone. Risi pia tunaziweka. Papa, swali moja tu: hiyo tanga ya nyuma nishone na bashi ile ile? Juu naona bashi ikilowa inanyooka, na ulisema iwe bapa kama karatasi.

---

papa_kadutu (Bukavu)

Bashi mupya itaenda, ile ya zamani hapana, imekwisha kufanya tumbo. Na ukikata, usikate ukingo wa nyuma ukiwa na tumbo la nje, ukate kwa ndani kidogo, kama mwezi mudogo. La sivyo itapiga kelele pa-pa-pa-pa usiku mzima na majirani watakuchukia.